Mtumiaji, Mteja, Mdaiwa: Uhakiki wa Lugha ya Ujumuishaji wa Ujifunzaji wa Mtandaoni na Usaidizi wa Wanafunzi katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala hii inahakiki lugha inayotumiwa kueleza ujumuishaji wa ujifunzaji wa mtandaoni na mifumo ya usaidizi wa wanafunzi wa vyuo vikuu, kwa kurejelea eneo la mpaka wa Uganda na Kenya, hususan Busia na Tororo. Hoja yetu kuu ni kwamba mifumo hii miwili imebaki mbalimbali kwa sababu kila ofisi imempa mwanafunzi jina lake na kazi yake: kwenye jukwaa la masomo ni mtumiaji, kwenye ofisi ya ushauri ni mteja, na kwenye ofisi ya fedha ni mdaiwa. Kwa kuongozwa na mawazo ya Moore, Tait na Tinto, makala inaonyesha kwamba ujumuishaji uliokwisha kukamilika katika vyuo vingi ni ule wa ada, na kwamba mwanafunzi anayenyamaza hana ofisi inayomtafuta. Makala inapendekeza sajili moja, mtu anayewajibika kwa ukimya, na lugha ya usaidizi inayotokana na wakazi wa mpaka wenyewe, Kiswahili kikiwamo.

Maneno makuu: ujumuishaji, ujifunzaji wa mtandaoni, usaidizi wa wanafunzi, istilahi, mpaka, Busia, Tororo

1.0 Utangulizi

Tangu mwaka 2020, neno ujumuishaji limekuwa likitajwa katika karibu kila mpango wa elimu ya juu katika Afrika Mashariki. Uganda ilifunga shule na vyuo vyake mwezi Machi mwaka huo kwa sababu ya UVIKO-19, na miezi michache baadaye Baraza la Kitaifa la Elimu ya Juu likatoa mwongozo wa dharura wa ujifunzaji huria, wa masafa na wa kielektroniki. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walirejea vyuoni Oktoba 2020, wengine wakafuata kwa awamu. Katika kipindi hicho majukwaa ya masomo, mengi yakiwa yamejengwa juu ya programu ya Moodle, yaliacha kuwa nyongeza ya darasa yakawa ndiyo darasa lenyewe.

Swali linaloulizwa katika mijadala mingi ni la kiufundi: jukwaa lipi, seva ipi, kasi gani ya intaneti. Makala hii inauliza swali la kiisimu lenye matokeo ya kibinadamu. Je, tunaposema kwamba tumejumuisha ujifunzaji na usaidizi, tumeunganisha nini na nini? Na je, lugha ya mifumo hiyo inamwezesha mwanafunzi aliyekwama kusema kwamba amekwama? Tunadai kwamba jibu la swali la pili ndilo linaloamua kama mwanafunzi atahitimu au ataondoka pasipo mtu kujua siku aliyoondoka.

2.0 Muktadha: Mpaka na Vyuo Vyake

Eneo la Busia na Tororo linafaa kwa uhakiki huu kwa sababu tatu. Kwanza, lina vyuo vikuu vya umma pande zote mbili. Upande wa Uganda kuna Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 mahali palipokuwa na chuo cha taifa cha zana za kilimo katika Wilaya ya Busia. Chuo hiki kina kampasi zilizotawanyika mashariki mwa nchi, ikiwamo Nagongera katika Wilaya ya Tororo, ambako zamani palikuwa na chuo cha ualimu. Upande wa Kenya kuna Chuo Kikuu cha Alupe katika Kaunti ya Busia, kilichoanza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi na kupata hati ya kujitegemea mwaka 2022.

Pili, mpaka wenyewe umepita katikati ya jamii zilizokuwapo kabla yake. Mwaka 1902 Waingereza walihamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Tangu hapo Waiteso na Wasamia wamekuwa raia wa nchi mbili huku wakiendelea kuoana, kuzikana na kufanya biashara pamoja. Ukijumlisha Wajopadhola wa Tororo, Wanyole na Wakhayo, utapata eneo ambalo mtu wa kawaida hutumia lugha tatu au nne kabla ya saa sita mchana.

Tatu, eneo hili lina historia yake ya kuunganisha kilichotenganishwa. Kwa maelezo yanayokubalika na wengi, neno bodaboda lilizaliwa hapa, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakibeba abiria na mizigo katika nafasi iliyokuwa kati ya kituo cha forodha cha nchi moja na cha nchi nyingine. Kila serikali ilikuwa na ofisi, mihuri na walinzi wake, lakini nafasi ya katikati haikuwa na mwenyewe, na mwendesha baiskeli aliijaza. Mnamo Februari 2018, marais wa Uganda na Kenya walizindua rasmi Kituo cha Pamoja cha Mpakani cha Busia, ambapo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja ili msafiri asimame mara moja badala ya mara mbili. Tutairejelea mifano hii miwili, kwa kuwa inatupa kipimo cha kupima ujumuishaji wa chuo kikuu: je, mwanafunzi husimama mara ngapi, na nani anayembeba katika nafasi ya katikati?

3.0 Mkabala wa Kinadharia

Uhakiki huu unaongozwa na mawazo matatu. La kwanza ni la Michael Moore, anayeshikilia kwamba umbali katika elimu ya masafa haupimwi kwa kilomita. Hupimwa kwa kiasi cha mazungumzo yaliyopo kati ya mwalimu na mwanafunzi, ugumu wa muundo wa kozi, na uwezo wa mwanafunzi kujiongoza. Mwanafunzi anayeishi mita mia moja kutoka ofisi ya mhadhiri anaweza kuwa mbali zaidi kuliko aliye ng'ambo ya mpaka.

La pili ni la Alan Tait (2000), anayeugawa usaidizi wa mwanafunzi katika majukumu matatu: kukuza uelewa wa masomo, kuimarisha moyo na nafsi ya mwanafunzi, na kuweka taratibu za kiutawala zilizo wazi na rafiki. La tatu ni la Vincent Tinto (1975), aliyeeleza kwamba uamuzi wa kuacha chuo hutegemea jinsi mwanafunzi anavyojiona kuwa sehemu ya maisha ya kitaaluma na ya kijamii ya chuo hicho. Mawazo haya yote yalizaliwa nje ya Afrika, na Tinto hasa aliwaza juu ya kijana anayehamia bwenini. Hata hivyo, kwa pamoja yanatusaidia kuona kwamba jukwaa la masomo linaweza kutimiza sehemu ya jukumu la kwanza la Tait huku likiyaacha mengine mawili bila mwenyewe.

4.0 Uhakiki

4.1 Kujifunza na Kusaidiwa

Tuanze na vitenzi. Kitenzi jifunza kina kiambishi cha kujirejelea -ji-: anayefunza na anayefunzwa ni mtu mmoja. Wazungumzaji wa mpakani huwa hawakitumii kitenzi hiki wanapotaja chuo. Husema "nasoma Nagongera" au "nasoma Alupe", na kitenzi soma hudai mahali, wenzako na mwalimu. Istilahi ujifunzaji wa mtandaoni, ingawa ni sahihi kisarufi na imekubalika, imechagua kitenzi kinachoweka mzigo wote kwa mwanafunzi. Hatudai kwamba istilahi ndiyo iliyosababisha tatizo. Tunachodai ni kwamba inaliakisi: chuo kikishapakia mihadhara, huhesabu kuwa kimemaliza kazi yake.

Istilahi ya pili, usaidizi wa wanafunzi, ina utata wa kisarufi unaostahili kuangaliwa. Kihusishi wa kinaweza kusomwa kwa njia mbili: usaidizi wanaopewa wanafunzi, au usaidizi wanaoutoa wanafunzi. Nyaraka za vyuo hukusudia maana ya kwanza, ilhali maisha ya kila siku huonyesha ya pili. Mwanafunzi asiyeweza kufungua jukwaa huuliza katika kundi la WhatsApp la darasa lake. Kiongozi wa darasa ndiye anayetangaza kwamba muda wa kuwasilisha kazi umesogezwa. Mwenzake ndiye anayepiga picha ya ukurasa na kumtumia. Hawa ndio waendesha bodaboda wa ujifunzaji wa mtandaoni: wanaijaza nafasi ambayo ofisi mbili zimeiacha. Tunawasifu, lakini sifa hiyo isigeuzwe kuwa kisingizio. Kijana wa miaka ishirini anaweza kumweleza mwenzake namna ya kupakia faili. Hana mafunzo ya kumshughulikia mwenzake anayesema hataki kuishi.

4.2 Majina Matatu ya Mtu Mmoja

Jukwaa la masomo humwita mwanafunzi mtumiaji. Linajua aliingia lini, alifungua ukurasa gani, na kazi ipi hajaiwasilisha. Ofisi ya ushauri nasaha humwita mteja. Inajua yale tu aliyoyasema alipofika mlangoni. Ofisi ya fedha haimwiti kwa jina hilo waziwazi, lakini humshughulikia kama mdaiwa, na inajua salio lake hadi shilingi ya mwisho.

Neno mteja linastahili kituo kifupi. Katika lugha ya mitaani nchini Kenya, limepata maana mpya kutokana na sauti ya kampuni za simu inayotangaza kwamba mteja uliyempigia hapatikani. Sasa watu husema "yuko mteja" wakimaanisha kwamba simu yake haiiti. Wazungumzaji wamelichukua neno la kumheshimu mnunuzi wakaligeuza kuwa jina la mtu aliyetoweka. Hatujui maelezo bora zaidi ya mwanafunzi wa mtandaoni machoni pa ofisi ya usaidizi: ni mteja, yaani hapatikani, na kutopatikana kwake kumekuwa jambo la kawaida lisilomshtua mtu.

Hapa ndipo penye kiini cha uhakiki wetu. Mara nyingi tunaambiwa kwamba ujumuishaji ni mgumu, kwamba mifumo haizungumzi, kwamba bajeti haitoshi. Lakini katika vyuo vingi vya ukanda huu, mfumo wa ada umeunganishwa na mfumo wa usajili na wa mitihani kwa ufanisi mkubwa. Mwanafunzi mwenye deni hujulikana, na kibali chake cha mtihani huzuiwa pasipo kikao wala barua. Kwa hiyo uwezo wa kiufundi upo. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuuelekeza upande wa pili. Mfumo unaotambua papo hapo kwamba mwanafunzi hajalipa, lakini hautambui kwamba hajaingia darasani kwa wiki tano, umejumuishwa kwa faida ya chuo peke yake. Mara nyingi, zaidi ya hayo, deni na ukimya ni habari moja: aliyefiwa na mzazi Januari huacha kulipa Februari na huacha kuingia Machi. Ofisi mbili zimeishika habari hiyo vipande vipande, na hakuna iliyoisoma nzima.

4.3 Mtandao na Mpaka

Neno mtandao lina asili katika kitenzi tanda, yaani kuenea na kufunika. Kwa hiyo linaahidi jambo lililoenea kote. Mpakani, ahadi hiyo ina mipaka inayoonekana. Tuchukue mfano wa kubuni: mwanafunzi wa kampasi ya Nagongera ambaye nyumbani kwao ni Malaba upande wa Kenya. Wakati wa UVIKO-19, vyuo na mitandao ya utafiti na elimu, kama RENU nchini Uganda na KENET nchini Kenya, vilitafuta njia za kuwapunguzia wanafunzi gharama ya intaneti kwa kukubaliana na kampuni za simu. Makubaliano ya namna hiyo hufungwa ndani ya nchi. Mwanafunzi wetu akiwa nyumbani anatumia laini ya Kenya, basi unafuu uliopatikana Kampala haumfikii. Akiweka laini ya Uganda na kutafuta mnara wa ng'ambo, analipia kifurushi ambacho tangu Julai 2021 kimetozwa kodi ya asilimia 12.

Mfano huu unafichua dhana iliyofichika katika miundo ya usaidizi: kwamba mwanafunzi ana nchi moja, laini moja na anwani moja. Machi 2020, Uganda ilipofunga mipaka yake kwa abiria, dhana hiyo ilipata nguvu ya sheria. Malori yaliendelea kupita Malaba na Busia, ingawa kwa misururu mirefu ya kusubiri vipimo. Vitabu vya mwanafunzi vilivyobaki bwenini havikuwa mzigo wa biashara.

Historia inaonyesha kwamba mambo yangeweza kupangwa vingine. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992, kilijengwa juu ya vituo vya mikoa: mwanafunzi alikuwa na mahali pa karibu pa kuulizia kabla intaneti haijaenea. Pale usaidizi ulitangulia na teknolojia ikafuata. Katika vyuo vya bweni vilivyohamia mtandaoni kwa dharura, mpangilio ulipinduka. Masomo yalihama, lakini mlezi wa wanafunzi, zahanati na mshauri walibaki kampasini, milango ikiwa wazi kwa watu ambao hawapo.

4.4 Lugha ya Kuomba Msaada

Mwanafunzi anaweza kuandika insha kwa Kiingereza na bado asiweze kueleza kwa Kiingereza kwa nini halali usiku. Lugha ya kufaulu mtihani na lugha ya kukiri udhaifu hazilazimiki kuwa moja. Mifumo ya vyuo vya mpakani huchukulia kwamba ni moja: fomu ya malalamiko, barua ya kuahirisha masomo na ujumbe wa onyo, vyote huandikwa kwa Kiingereza cha ofisini.

Kiswahili kina nafasi hapa. Kenya imekitambua kuwa lugha rasmi katika Katiba ya 2010. Uganda ilikiweka katika marekebisho ya Katiba ya 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza lake la mawaziri likaidhinisha utekelezaji wa azimio la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu lugha hii. Katika masoko ya Busia ndiyo lugha ya bei na ya utani.

Hata hivyo, mtafiti wa Kiswahili hapaswi kuishia kukipigia debe. Nchini Uganda lugha hii ina kumbukumbu nzito. Pendekezo la Gavana Gowers la mwaka 1927 la kuieneza katika elimu lilipata upinzani mkali, hasa Buganda. Mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa familia nyingi ikabaki sauti ya askari kwenye kizuizi. Mwanafunzi wa Tororo aliyeipokea kwa namna hiyo kutoka kwa wazazi wake anaweza kuisikia kama amri hata inapokusudiwa kuwa faraja. Kwake, Ateso au Dhopadhola ya mshauri itafika mahali ambapo Kiswahili hakifiki. Lugha ya usaidizi inapaswa kuwa chaguo la anayesaidiwa.

Jambo la pili ni ubora wa Kiswahili chenyewe. Ujumbe kama "Umeshindwa kuwasilisha kazi kwa wakati" na ujumbe kama "Hatujaipokea kazi yako, je, kuna jambo limekuzuia?" hutoa taarifa ileile. Wa kwanza unamfanya mwanafunzi kuwa mtenda wa kosa. Wa pili unamfanya mwandishi kuwa mtu anayesubiri, na unafungua mlango wa jibu. Kutafsiri onyo la Kiingereza neno kwa neno hakujumuishi kitu. Kunaongeza tu lugha ya pili ya kulaumia.

5.0 Pingamizi

Pingamizi moja lina uzito. Kuunganisha kumbukumbu za masomo, ada na ushauri kunaweza kuzaa upelelezi: mhadhiri akajua ni nani anayekwenda kwa mshauri, na mkopeshaji akajua ni nani anayefeli. Uganda na Kenya zote zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na mwanafunzi anayevuka mpaka anaguswa na zote mbili. Jibu letu ni kwamba kituo cha pamoja cha mpakani hakimfanyi ofisa wa Kenya kuwa ofisa wa Uganda. Kila mmoja hubaki na daftari lake. Kinachoondolewa ni mzunguko wa msafiri. Vivyo hivyo, mshauri hahitaji kuona alama, wala mhadhiri hahitaji kusoma faili la mshauri. Kinachohitaji kuvuka ni dalili moja tu: mtu huyu amenyamaza, apigiwe simu.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu tunapendekeza mambo manne. Kwanza, vyuo viwe na sajili moja inayomtaja mwanafunzi kuwa mwanafunzi katika kila ofisi, ikiwa na nafasi ya kuandika laini zake za simu za nchi zote mbili na lugha anayopenda kusaidiwa. Pili, ukimya wa wiki mbili kwenye jukwaa umfikie mtu mwenye jina na wajibu, atakayepiga simu badala ya kutuma onyo la mashine. Na deni jipya la ada lisizuie kibali kabla mtu huyo hajazungumza na mwanafunzi. Tatu, Busitema na Alupe vikubaliane kwamba mwanafunzi wa kimoja anaweza kutumia maktaba, intaneti na chumba cha ushauri cha kingine kilicho karibu na kwao. Mei 2017 wakuu wa nchi wa Jumuiya walilitangaza eneo lote kuwa Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu. Tangazo hilo lingepata maana halisi Malaba kabla ya kupata maana kwenye makongamano. Nne, idara za lugha zipewe kazi ya kuandika upya ujumbe wa mifumo pamoja na wanafunzi wenyewe. Viongozi wa madarasa wanaofanya kazi ya usaidizi watambuliwe, wafundishwe namna ya kumpeleka mwenzao kwa mtaalamu, na walipwe angalau gharama ya vifurushi wanavyotumia.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba ujumuishaji wa ujifunzaji wa mtandaoni na usaidizi wa wanafunzi ni suala la nani anayewajibika katika nafasi iliyo kati ya ofisi mbili, na kwamba lugha ya mifumo hiyo huficha nafasi hiyo au huifichua. Tumeona vyuo vikiweza kuunganisha wanapotaka kulipwa. Tumeona pia wanafunzi wakibebana kwa njia zao, katika lugha zao, bila malipo wala kutambuliwa. Kazi iliyobaki kwa wapangaji wa elimu ni kuupeleka uwezo wa kwanza kwenye kazi ya pili. Kwa wataalamu wa Kiswahili, kazi ni kusikiliza kwanza watu wa Busia na Tororo husema nini wanapokwama, kisha kuunda istilahi. Utafiti unaofuata ungefaa kukusanya mazungumzo ya usaidizi, kwa ridhaa ya wahusika, na kuchunguza ni lini mzungumzaji hubadili lugha, na nini alichokuwa hajakisema kabla ya kuibadili.